Mama Vipimo na Gari Namba Tisa

Ofisini tulimwita Mama Vipimo, na jina likamganda. Kwa miaka sita tulikaa meza jirani, kila mmoja na kioo chake cha kompyuta, tukifuatilia malori ya gesi ya kupikia. Kila tangi lina vihisi vitatu: cha joto, cha presha na cha mlango, na kila dakika vinatutumia namba. Mimi, niseme ukweli, nilizitazama namba zile huku nikipiga miayo. Yeye alizitazama kama mama anayepapasa paji la uso la mtoto.

Gari namba tisa liliendeshwa na mumewe. Kanuni yetu ni kumwita dereva kwa namba ya gari tu, hata kama mmeamka kitanda kimoja. Tulimtania kila asubuhi: "Namba tisa amekunywa chai?"

"Amekunywa, na sukari kaimaliza."

Siku hiyo binti yao alikuwa anarudi nyumbani baada ya miaka miwili ya masomo. Mama Vipimo alimsisitizia mumewe asichelewe hata kidogo. Neno hilo ndilo lililotuponza.

Madereva wetu wana ujanja mmoja unaonikera hadi leo. Joto la tangi likizidi, kengele hulia ndani ya gari, na dereva analazimika kusimama kivulini mpaka lipoe. Basi wengine hufunga kitambaa kibichi juu ya kihisi cha joto. Kihisi kinapoa, kengele inanyamaza, na tangi linazidi kupata moto.

Saa nane mchana, jua likiwaka kwelikweli, magari yote yalionyesha joto kubwa isipokuwa namba tisa. Mimi ningefurahi. Mama Vipimo alikunja uso, akaangalia presha. Ilikuwa inapanda. Akampigia simu palepale.

"Namba tisa, umefunga kitambaa?"

"Kidogo tu. Nimebakiza nusu saa nifike."

"Simama. Zima gari, shuka, nenda mbali."

"Si wewe uliyesema nisichelewe?"

Nilimwona akishika ukingo wa meza. "Baba watoto," alisema, na chumba kizima kikageuka, "nilikosea. Chelewa. Chelewa hata mpaka kesho. Shuka, nakuomba."

Nukta ya namba tisa ikasimama kwenye ramani. Nikawapigia zimamoto. Hapo ndipo nilipoiona kasoro ya mitambo yetu tunayojivunia: tangi lina vihisi vitatu, dereva hana hata kimoja. Hatukuwa na njia ya kujua kama ameondoka au bado anahangaika na kitambaa chake.

"Hesabu hatua zako kwa sauti," Mama Vipimo alimwambia. "Nikusikie."

Akahesabu huku akihema, maana umri umekwenda na kitambi kipo. Alipofika mia moja na kumi tukasikia mlio mkali nyuma yake: vali ya usalama imefunguka, gesi inatoka. Hesabu ikakatika. Mama Vipimo alifumba macho, na mimi nikamshika mkono bila kujua naushika.

"Mia moja na kumi na moja," sauti ikasema. Sasa alikuwa anakimbia.

Alifika mia nne. Kiooni presha ilikuwa imeshuka, na kwenye simu ving'ora vya zimamoto vilisikika vikikaribia.

"Mke wangu, nipo mbali sasa. Inatosha?"

Mama Vipimo alikuwa analia waziwazi, wala hakujificha. "Haitoshi," alisema. "Endelea kuhesabu."