Fundi Droo na mtumbwi mzito wa kaka yake

Saa moja asubuhi, kabla hajafungua hata dirisha la karakana, Fundi Droo amelala chali chini ya mashua yake, spana mkononi, anafungua bolti. Ziko kumi na mbili, zote za mtumbwi wa kushoto. Ya tisa imekwama, naye anaisemesha kwa upole kama anayembembeleza mtoto anywe dawa.

Jirani yake, mama anayeuza mitungi ya gesi mlango wa pili, amesimama mikono kiunoni. "Wiki mbili tu umetoka kushinda, leo unaibomoa. Umelogwa au umechoka?"

"Sikushinda, mama. Nilikuwa wa kumi na nne," anajibu kutoka chini. "Na siibomoi. Nairudisha ilivyokuwa."

Fundi Droo, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, anatengeneza makabati ya jikoni. Jina alipewa na wateja kwa sababu ya droo zake, ambazo ukizisukuma kwa kidole kimoja zinajifunga zenyewe. Mwezi ukiwa mzuri anamaliza majiko mawili. Ukiwa mbaya anagongea watu vitanda vilivyolegea.

Lakini wengi mjini wanamfahamu kwa chombo hiki: katamarani, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa boriti, tanga likiwa katikati. Aliijenga yeye na kaka yake. Kaka ni fundi wa milango, na hapo ndipo kisa kilipoanzia.

Miaka saba iliyopita walipata mchoro, wakagawana kazi. Mkubwa ajenge mtumbwi wa kushoto kwenye karakana yake, mdogo ajenge wa kulia kwenye yake, na hakuna kuchunguliana. Baada ya miezi mitano wakaikutanisha. Urefu ulilingana, upana ulilingana, rangi ndiyo usiseme. Kisha wakaipima uzito.

Wa kaka ulizidi kwa kilo thelathini na moja.

"Mimi nilitumia plaiwudi nyembamba, kama ya kabati," anaeleza. "Yeye kaweka mbao za mlango. Tena mlango wa nje. Nikamwambia, kaka, huku baharini hakuna wezi." Anacheka, kisha anaacha. "Unajua alinijibu nini? Kwamba wake ndio uko sawa, wangu ndio umepungua."

Mkubwa hakosolewi. Boriti zikafungwa, mke wa Fundi Droo, ambaye ni fundi cherehani, akashona tanga kwa turubai, na mashua ikaingia kwenye mbio za pwani za mwaka huo. Ilivuta kushoto safari nzima.

Mbio hizo ni za kilomita thelathini na nane na huanza saa tatu asubuhi. Kila chombo kikivuka mstari wa mwisho, kamati hukipigia honi. Ikifika saa kumi na moja kamili jioni, kamati hung'oa boya, hukunja meza na kwenda zake. Wahenga walisema kawia ufike. Hawakuwa wamekutana na kamati hii.

Ndugu hao walifika saa kumi na moja na dakika arobaini. Hapakuwa na boya wala mtu.

"Tulizunguka pale kama watu waliosahau nyumba yao," anasema. "Kaka akasimama, akaweka mikono mdomoni, akapiga honi mwenyewe. Pooo. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Akaniambia, mwakani tutaisikia ya kweli."

Mwakani huo kaka hakuwepo. Alipata kazi nchi ya mbali, kwenye kiwanda cha samani, kwa mkataba wa miaka miwili. Sasa mwaka unakwenda wa sita. Mkataba umekuwa ukiongezwa na simu zimekuwa zikipungua.

"Sina ugomvi naye," anasema Fundi Droo. "Nina hamu naye, basi. Mtu mzima na mvi zangu, nina hamu na kaka yangu."

Tangu hapo amekuwa akienda mbioni na shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye ni fundi umeme. Kila mwaka wamechelewa. Mara dakika ishirini na tano, mara hamsini. Mwaka mmoja zilikuwa dakika tisa tu, wakafika boya linapakiwa kwenye boti. "Dakika tisa zile ziliniliza," anasema.

Kila aliyejua ubao na asiyejua alimshauri jambo moja: toa ule mtumbwi mzito. Mkewe naye hakubaki nyuma. "Nilimwambia, baba, yule ni kaka yako, ule ni ubao. Tofautisha."

Mwaka huu alisalimu amri. Fedha za majiko mawili mazima zilikwenda kwenye plaiwudi na gundi, akajenga mtumbwi mwepesi. Ule wa kaka aliuegemeza ukutani na kuufunika shuka.

Siku ya mbio mashua ilinyooka kama imepigiwa rula. Saa kumi na dakika thelathini na sita ikavuka mstari.

"Honi ikalia," anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Miaka yote hiyo naisubiri. Ilipolia nikageuka kushoto nimtazame kaka."

Kushoto alikuwepo shemeji, ameinua mikono juu. "Nikamkumbatia, masikini, hana kosa. Nilikuwa nalia, naye akadhani ni furaha."

Jioni hiyo alimwandikia kaka yake ujumbe: Tumeisikia honi. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, nalo lilikuwa swali. Kwa mtumbwi wangu?

Siku kumi na moja Fundi Droo hakujibu. Alikuwa akifungua simu, anaitazama, anaizima. "Hata chakula alikuwa anakisukuma sukuma," anasema mkewe. "Nikamwambia mjibu mwenzio. Akasema, nikimwambia ndiyo nimemdanganya, nikimwambia hapana nimemtoa."

Bolti ya tisa inaachia. Hadi adhuhuri mtumbwi mpya uko chini, na wa zamani umetolewa ukutani. Shemeji, aliyeitwa kusaidia kubeba, anahema huku kashika mgongo. "Nimesikia honi mara moja tu maishani, nimeachishwa kazi," analalamika. Amepewa ule mtumbwi mpya kama kifuta jasho, na sasa, kwa maneno yake, anamiliki nusu ya mashua.

Mwandishi huyu anamuuliza fundi kwa nini asiupige randa kwa ndani, apunguze hizo kilo. Anatikisa kichwa. "Nipunguze kazi ya mtu hayupo? Huyo akirudi ataupima kabla hajanisalimia."

Fomu za mbio za mwakani zimeshatoka. Kwenye mstari wa nahodha ameandika jina lake, kwenye wa pili la kaka yake. Shemeji ni wa akiba. Mkataba wa kaka unaisha miezi miwili kabla ya mbio. Ni kweli pia kwamba umewahi kuisha mara mbili na hakuja.

Anafuta mikono kwa kitambaa, anakaa kwenye kigoda na kuandika jibu, akifuta na kuanza upya mara kadhaa. Mwishowe anaugeuza uso wa simu ili usomeke: Hapana, kaka. Wako bado haujapigiwa. Njoo. Anautuma. Hadi habari hii inaandikwa, jibu halikuwa limefika.

Mkewe anaichukua fomu na kuisoma polepole hadi chini, kwenye majina.

"Na asipokuja?"

"Basi nitachelewa," anasema Fundi Droo.