Mke Wangu Huliita Gari la Mdogo Wangu "Gari Letu"

Assalaam aleikum, mwenye ukurasa. Nisitiri jina, na kijiji usikitaje. Sema tu ni upande wa Msambweni. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzee wa miaka sitini na minane. Nimefundisha sarufi ya Kiswahili maisha yangu yote ya kazi, wala sikudhani kwamba siku moja nitaomba ushauri kwa watu nisiowajua. Lakini hapa kijijini siwezi kumweleza mtu, kwa maana kila mmoja ameshachagua upande.

Nina gari dogo lililoinuka, la aina ambayo magurudumu yote manne huvuta kwa pamoja. Kwa miaka mingi lilikuwa peke yake hapa kwetu. Masika yakishika, magari mengine yakizama matopeni, langu hupita. Waja wazito walifikishwa hospitali kwa gari hilo. "Mwalimu, tunusuru," nami sikumkatalia mtu. Nilikuwa na masharti tu: miguu ikung'utwe mchanga, samaki wabichi wasiingie, nazi zikae ndani ya gunia. Sikuona ubaya wake na hata sasa siuoni.

Mwaka jana mdogo wangu, afanyaye kazi katika hoteli moja ya Diani, alileta la kwake. Aina ni ile ile, ila ni jipya zaidi, jeupe. Yeye hana sharti. Samaki huingia, mbuzi huingia, watoto hula maembe na kupangusia mikono vitini. Polepole watu wakaacha kubisha mlangoni kwangu. Nikawa nasikia honi yake tu ikipita, na vicheko nyuma yake.

Asubuhi moja nilikuwa nimeketi barazani, honi ikalia. Mke wangu akalivuta buibui lake akamwambia jirani, "Haya mwenzangu, twende, gari letu limefika."

Letu! Katika ngeli hakukosea hata kidogo. Alichokosea ni mwenye gari. Nikamuuliza, "Gari letu lipi? Letu si hili hapa, nimelifunika turubai?"

Akacheka. "Hilo ni lako, Mwalimu. Letu ni lile linalotuchukua."

Tangu siku hiyo nina wivu, na sitautafutia jina zuri zaidi.

Sasa sikilizeni lililonifikisha hapa. Binti yetu wa mwisho anaolewa. Nikaha itafungwa hapa nyumbani, kisha atapelekwa kwa mumewe Majoreni, na mvua haijakatika. Mimi nilijua kwamba atapanda gari langu. Kumbe mama yake alikwisha kuzungumza na mdogo wangu.

"Baba, usikasirike," binti akaniambia. "Ami ameshakubali."

Nikasema nitampeleka mwenyewe. Mke wangu akashika kiuno. "Wewe? Baba mzima umfikishe mwanao kwa mumewe? Watu wa Majoreni watasema humwamini mkweo!"

Hapo alisema kweli. Kwetu baba hubaki nyumbani, na ami ndiye apelekaye.

Ijumaa, baada ya sala, nililikuta gari jeupe nje ya msikiti. Nikainama. Matairi ya nyuma ni mapya na makubwa. Ya mbele yamekwisha, tena ni ya saizi ndogo. Katika gari la kawaida pengine lingekuwa jambo dogo. Katika haya yetu si dogo, kwa sababu magurudumu yote yamefungamana. Niliyajua hayo kwa kuumia: niliwahi kubadilisha matairi mawili tu, gari likaanza kunguruma kila nikikata kona, kukaja harufu ya mafuta yaliyoungua, na njiani, nimeshapita Ramisi, difu ya nyuma, ile gia inayogawia magurudumu nguvu, ikafa katikati ya tope.

Nikamwambia palepale, "Mdogo wangu, matairi haya hayalingani. Utaiunguza difu."

"Kaka," akasema huku akitabasamu, "hata matairi unayatilia kalamu nyekundu?"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, hicho si kijicho hicho?" Mdogo wangu akasema atayabadilisha arusi ikipita. Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. "Unaliombea liharibike," mke wangu akaniambia, "ndipo ufurahi."

Hili ndilo linaloniuma, kwa kuwa hakukosea sana. Nilipoyaona matairi yale, kabla sijamfikiria mwanangu aliyevaa nguo za arusi amekwama kwenye matope, nilifurahi. Nikayakagua tena ili nihakikishe furaha yangu. Ninalolisema ni kweli, na nia iliyonisukuma kulisema ni mbaya. Nani ataniamini nikirudia?

Jana binti yangu alikuja akaketi karibu nami. "Baba, kama unaliogopa gari la ami, mpe yeye ufunguo wa lako. Aendeshe yeye, nipande lako, nyote mwanipeleka."

Nilimjibu kwamba nitafikiri. Hakuna cha kufikiri. Nimeshaona kwamba hiyo ndiyo njia salama. Lakini gari hili halijapata kuendeshwa na mkono mwingine. Ataketi kitini pangu, apige honi kwa mtindo wake, wanawake wampigie vigelegele yeye, akiwa na gari langu na mwanangu. Nisipompa, nitabaki barazani nikingoja kusikia kwamba nilisema kweli. Ni baba gani huyo angojaye habari ya namna hiyo?

Leo alasiri mdogo wangu amepita kunisalimu. "Shikamoo, kaka." Nikamwitikia marahaba. Ufunguo ulikuwa mfukoni, mkono wangu umeushika. Akaaga akaenda, na mkono haukutoka.

Arusi ni keshokutwa. Nishaurini, jamaa zangu, na msinionee haya kwa sababu ya mvi: nifanyeje ili mkono huu utoke?