Ruzuku ya Munira na Chumba cha Eda

Munira binti Mustapha alizaliwa Kilole, mjini Korogwe, akaolewa Sindeni, huku Handeni, na mkulima mpole aitwaye Mhina. Kazi yake ilikuwa kusokota nyuzi za katani na kusuka mikoba, akiitia rangi za magome aliyoyachemsha mwenyewe. Nilimsomesha Kurani alipokuwa mdogo. Ndiyo maana njia ilipofungika mbele yake, aliniita mimi.

Serikali ya nchi moja ya mbali hutoa ruzuku kwa wageni wenye biashara mpya, ili wakafungue kampuni katika nchi hiyo. Munira aliomba, akahojiwa kwa simu ya video huku Mhina akifukuza kuku mlangoni, akakubaliwa. Sharti moja lilikuwa zito: mwanzilishi afike mwenyewe na kutia saini ya usajili kabla ya Juni kwisha. Tiketi ilikwisha kukatwa Mhina alipoanguka shambani, akafa kabla ya kufikishwa hospitali.

Munira akaingia eda. Mjane hukaa katika nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi, hajipambi wala hasafiri, na mwisho wa Juni ulikuwa ndani ya muda huo. Aliwaomba wale wageni wamsubiri. Wakamjibu kwa upole kwamba kanuni zao humvumilia mgonjwa na mzazi aliyejifungua. Mfiwa hupewa wiki mbili tu. Akipenda, wakasema, amteue mtu mwingine kabla ya Juni kwisha, aende kusaini mwezi unaofuata, naye huyo ndiye atakayekuwa mwenye kampuni.

Nilimkuta chumbani, amevaa nguo nyeupe, ameketi na mama mkwe wake, Bi Mwanaisha. Mikoba yake ya rangi ilikuwa imefunikwa shuka, kwa kuwa aliihesabu kuwa pambo. Shemeji yake, Jabiri, wakala wa mabasi, alisimama mlangoni.

"Shikamoo, shehe."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

Jabiri hakungoja nikae. "Shemeji, niteue mimi. Nitasaini, nitarudi, nawe utaendelea na kazi yako."

"Ukisaini, kampuni ni yako, Jabiri. Wamesema wazi."

"Kwani mimi na wewe tuna changu na chako?"

"Mwaka jana uliniita mama makamba, kwa hii katani yangu, mbele ya abiria. Leo tumekuwa kitu kimoja?"

Bi Mwanaisha akacheka, machozi yakiwa bado hayajamkauka. "Nenda wewe, mwanangu. Eda nitakukalia mimi. Mimi na ujane tumezoeana."

"Ingekuwa inakaliwa kwa zamu, mama, ningekupa yote."

Kisha akanigeukia. "Shehe, upo mlango wa kutokea?"

Nilirudi kwenye vitabu vyangu. Wanazuoni wamemruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa haja yake, mradi alale nyumbani. Wako waliomruhusu hata kuhama, akihofia nafsi yake au mali yake. Lakini je, zawadi ambayo mtu hajaishika ni mali yake? Kila nilipokaribia kusema ndiyo, niliona kwamba si hoja inayonivuta, bali ni mapenzi yangu kwa mtoto niliyemfundisha alifu. Na kila nilipokaribia kusema hapana, nilimwona ndani ya kile chumba.

Siku ya mwisho ya Juni nilikwenda kumwambia kwamba sikupata ruhusa ninayoweza kusimama nayo mbele ya Mola wangu.

"Nilijua, shehe. Nilitaka mtu anitafutie mlango, hata kama haupo."

Jabiri alikuwa kizingitini, simu mkononi, amefungua ukurasa wa uteuzi. "Bado jina tu, shemeji. Hata hii utaiacha ipotee?"

"Niliomba kwa mikono yangu. Ikienda kwa jina lako, imepotea vilevile."

"Basi utabaki humu na makamba yako."

"Nitabaki."

Jabiri akaondoka bila kuaga. Adhana ya alasiri ilipokwisha, Munira aliniuliza kama ofisi za huko zimekwisha kufungwa. Nikamwambia bado, lakini muda si mrefu zitafungwa. Akavuta fungu la katani lisilotiwa rangi, akakunja mguu, akaanza kusokota. Bi Mwanaisha akashika ncha ya pili ya uzi. Nikaona aibu kuinuka, kwa kuwa mimi niliweza kwenda nitakako, naye Munira hakuweza.