Utafiti wetu wa shule kule Sindeni, na wazazi walioitwa wakaidi

Wakuu, heshima zenu. Nimestaafu, muda ninao, na hili nililiona kwa macho yangu. Sitii chumvi.

Enzi za Ujamaa nilikuwa kidato cha tatu, Korogwe. Kwetu ni Vugiri, mimi Mshambaa. Mwalimu wetu wa siasa, Mwalimu Mhina, alitupeleka Sindeni, Handeni, tujifunze utafiti wa jamii. Kijiji kilikuwa kipya, watu ndiyo kwanza wamehamishiwa pale.

Tatizo: watoto hawaendi shule. Wakubwa walishasema wazazi wa pale ni wakaidi, na baadhi yao walikuwa wamewekwa ndani.

Tukaandaa swali: "Kwa nini hamtaki watoto wasome?"

Mwalimu akalikataa.

"Hapo mmeshawahukumu. Kaeni nao kwanza, muone siku yao inavyokwenda."

Nikapangiwa kwa Mama Salehe. Mumewe alikuwa mmoja wa waliokamatwa. Alinipokea vizuri (kisamvu chake nakikumbuka mpaka leo), ila habari za shule hakutaka kabisa kuzigusa.

Asubuhi nikamwona anatoka na wanawe wote. Nikaomba niende nao.

Wakuu, tulitembea! Mahindi yalibaki kule walikohama, na nyani wamejaa. Kila mtoto alisimama kona yake ya shamba, kazi ni kufukuza.

"Mama, mbona hamkuwaambia wakubwa?"

"Mwanangu, nani alituuliza? Walikuja kutuambia tu."

Wenzangu nao walirudi na habari ileile. Tukaandika ripoti, Mwalimu akatusimamisha tuisome mbele ya mkubwa wa wilaya. Yule bwana alikunja uso, kisha akasema, "Nipelekeni huko mashambani."

Akaenda, akajionea.

Ikaamuliwa watu wazima walinde mashamba yote kwa zamu, na waliokamatwa waachiwe. Baba Salehe alipoingia uani, mkewe alicheka huku machozi yanamtoka. Salehe akaanza shule.

Mimi nikaishia kazi ya maendeleo ya jamii maisha yangu yote. Nilichojifunza: watu wasipofanya unachotaka, usikimbilie kuwaita wajinga. Wana sababu. Nenda ukaishi nayo kidogo.

Mwalimu Mhina ametangulia mbele ya haki. Mungu amrehemu. Alitufundisha kunyamaza tusikie, na nyumba moja ya Sindeni ikarudishiwa baba yake.

Nanyi wakuu, mwalimu gani aliwafungua macho? Andikeni hapa, nasoma yote.