Suruali Sitini za Mama Safu

Saa mbili asubuhi, Mama Safu anavuta kiti hadi kwenye kompyuta iliyobanwa kati ya cherehani mbili. Anapuliza nyuzi zilizoganda kwenye kibodi, na kabla hajagusa chochote anasoma kwa sauti: "Mabega. Kifua. Urefu. Kiuno."

Mafundi wanacheka. Yeye hacheki.

Ndiye mtunza kanzidata, yaani hazina ya vipimo kwenye kompyuta, wa kiwanda hiki cha sare. Jina la utani limetokana na kazi: kila mteja ana safu yake, na ndani yake vipimo vinne vimefungwa pamoja kama kifurushi.

"Kifurushi ni raha, unakibeba chote kwa mkono mmoja," anasema. "Ila usipovitaja vipimo kwa majina, kompyuta inahesabu nafasi tu. Cha tatu ni cha tatu."

Mwaka jana alipanga upya kifurushi, urefu wa suruali ukatangulia kiuno. Kisha akamimina vipimo vya walinzi sitini kwa mpangilio wa zamani. Kwa kuwa vyote ni namba, kompyuta haikuguna: urefu ukaingia penye kiuno, kiuno penye urefu.

Suruali zikatoka pana kama mapazia, fupi kama za kuvukia mto. Mlinzi wa kwanza alirudi ameshika yake kiunoni. "Bosi akipita," aliuliza, "nipige saluti au nishike suruali?"

Shangazi yake Mama Safu, mkataji mkuu aliyemwombea kazi hapo, aliinua daftari lake la vipimo. "Mwanangu, hili halijawahi kumvua mtu nguo."

Mwenye kiwanda akampa Mama Safu siku tano za kurekebisha kosa, la sivyo afungashe virago.

"Nililia chooni, nikanawa, nikarudi," anakumbuka. Akaandika upya programu ili kila kipimo kiitwe kwa jina lake. Shangazi akamsomea daftari, safu baada ya safu, huku akinung'unika. Siku ya tano walinzi wakavaa suruali mpya, zikawakaa.

Kwa woga, akaongeza kizuizi: kiuno kikizidi urefu, safu ikataliwe. Mwezi uliopita mwenye kiwanda, mtu wa kitambi cha heshima, alikuja kupimwa suti. Kompyuta ikaandika: "Mtu wa namna hii hayupo."

"Mimi? Sipo?"

Kiwanda kizima kikainama chini ya meza, eti kutafuta sindano.

Mama Safu hakufukuzwa. Sasa anakiandika upya kizuizi hicho, na anatumaini kitakuwa tayari kabla suti haijakatwa.

"Nataka kompyuta yenye adabu," anasema. "Ikishangaa mwili wa mtu, imwite fundi kando, imuulize taratibu."