Nilisema Tumemrudia

Kosa ni langu, na ninalisema mapema ili usije ukanihurumia katikati ya habari. Sikumpiga mtu wala sikuiba. Nilisema neno moja la Kiswahili, tena Kiswahili sahihi, na neno hilo likamrudisha mwanamke mahali ambapo hakustahili kurudi.

Mimi ni mzee wa kanisa. Jina langu sitakutajia, na ya wengine nimeyabadilisha. Kanisa letu liko huku kwenye mashamba ya skimu ya makazi, juu ya barabara ya Msambweni, na wengi wetu ni watu wa kuja kutoka Ukambani. Ule mwaka wa fujo za kuwafukuza watu wa bara, washirika wengi walifunga mizigo wakaenda zao bara. Kisha ikaja mvua ya Elnino ikaliangusha kanisa lenyewe, maana lilikuwa la udongo. Tuliobaki tulienea kwenye mabenchi machache, na nafasi ya kunyoosha miguu ilikuwapo.

Aliyetupokea ni shemasi wetu, ambaye nitamwita Mutua. Alitupa ghala lake la mahindi tusalie humo. Kisima chake ndicho kilichokuwa na maji matamu, na sote tulikuwa tukiteka hapo. Mashine ya kusaga unga ilikuwa yake pia. Ukiondoa hewa, kila kitu tulikipata kwa Mutua.

Mutua alikuwa akimpiga mkewe. Hilo halikuwa siri. Mama Kioko alikuwa akija ibadani na kitambaa kimevutwa mpaka kwenye jicho. Tunamwambia "Bwana asifiwe," anajibu "Amina," na ibada inaendelea.

Usidhani hatukuwa na nidhamu. Wakati huohuo tulimweka msichana mmoja benchi la nyuma, marufuku kuimba kwaya, marufuku kushiriki meza ya Bwana, kwa kuwa alionekana akicheza disko katika hoteli moja ya Diani. Tulimwita, tukamkemea, akalia, tukafunga kwa maombi. Kazi ilikwenda vizuri sana. Msichana hakuwa na kisima.

Mchungaji wetu alikuwa na makanisa mengi na alitufikia kwa baiskeli, mara moja moja. Ni mtu wa huku pwani, mzaliwa wa Rabai, na Kiswahili chake kimenyooka. Siku Mama Kioko alipomweleza ya nyumbani kwake, alituita wazee kando.

"Wazee wangu," akasema, "ndugu huyu ni lazima mumrudi. Aende mmoja wenu kwanza. Asiposikia, muende watatu. Akikataa tena, mniambie, nami nitalisema mbele ya kanisa, na ushemasi tutamvua."

Kumrudi mtu, kwa Kiswahili cha Mchungaji, ni kumkanya na kumtia adabu ili atengenee. Kumrudia ni kumwendea tena, basi. Nilijua tofauti. Nataka hilo lieleweke, maana wapo watakaosema ni mambo ya sisi watu wa bara na Kiswahili chetu.

Nilianza mimi. Nilifika kwa Mutua nikiwa nimeyapanga maneno yangu yote. Akanivutia kiti. Mama Kioko akaja na maji ya kunawa, halafu chai na muhogo wa kuchemsha. Alinikaribisha huku ameugeuza uso upande mmoja, na nilijua ni kwa nini.

"Karibu, mzee mwenzangu," Mutua akasema. "Kuna jambo?"

Kwetu mtu hali chakula cha mwenyeji kisha akamkemea mdomo ukiwa bado na ladha yake. Na mimi nilikuwa nimekwisha kuuma muhogo.

"Hapana," nikasema. "Nimekuja kukusalimia."

Mama Kioko alisimama pale mlangoni kidogo, kama anayengoja sentensi ya pili. Haikuja. Akaondoa vikombe.

Muda si mrefu akapigwa tena, na safari hii alikimbia. Alikwenda Mwabungo kwa Bi Mwanasha, mama wa Kidigo aliyekuwa akimuuzia mboga. Bi Mwanasha ni Mwislamu, mjane, mwenye nyumba ya vyumba viwili. Alimpa kimoja, hakuuliza maswali. Kutoka huko Mama Kioko akatuma neno kwa Mchungaji: "Sirudi mpaka arudiwe."

Tukaenda watatu. Mutua alichinja kuku. Mzee mmoja kati yetu aliomba baraka juu ya chakula, akaendelea akaibariki nyumba, mashine, kisima na mifugo, na alipofika amina wali ulikuwa umepoa. Tukala. Wakati wa kuaga nilijikaza nikasema, "Ndugu, mambo ya nyumbani yanahitaji subira." Mutua akakubali kwamba mkewe hana subira. Tukashikana mikono.

Njiani kila mmoja alikuwa akiwaza jambo moja: tukimgusa huyu, Jumapili tutasali wapi, na maji tutateka wapi. Nitasema na langu la ziada. Niliogopa uso wake. Niliogopa tu kumwona mtu aliyenipa kiti akinikasirikia, na mpaka leo hilo ndilo linaloniaibisha zaidi ya yote.

Mchungaji alipokuja, alinikuta nje ya ghala. Mashine ya Mutua ilikuwa ikinguruma. Alishuka kwenye baiskeli akauliza, "Je, mzee, mmemrudi?"

"Tumemrudia, Mchungaji," nikasema. "Zaidi ya mara moja."

Ile herufi ya mwisho niliitamka chini, na mashine ikaimeza. Niliona uso wake ukifunguka.

"Na amepokea?"

"Alitupokea vizuri."

Nalo lilikuwa kweli. Mchungaji akasema Mungu ashukuriwe. Mashine ikazimwa, kukawa kimya, na nafasi ya kusahihisha nilikuwa nayo, pana kama uwanja wa shule. Nikakohoa. Nikamuuliza habari za safari.

Alipitia Mwabungo akampelekea Mama Kioko habari njema: wazee wamemrudi mumeo, naye amepokea. Mama Kioko akakunja leso zake. "Ikiwa amerudiwa, basi nitarudi," akasema, na siku hiyohiyo akarudi.

Mutua alimuuliza nani amemwita. Akajibu kwa amani kwamba wazee walikwisha kuja, yamekwisha. Mutua akacheka. "Wazee walikuja wakala kuku," akamwambia. Halafu akampiga. Tulimpeleka hospitali ya Msambweni, mimi nikiwa miongoni mwa waliombeba. Alipona yote isipokuwa sikio la kushoto, ambalo halisikii tena.

Pale hospitalini nilimkuta Bi Mwanasha amekaa pembeni ya kitanda na buibui lake, ameshika chupa ya uji. Nilimsalimia akaitikia kwa adabu zote.

"Mzee wangu," akasema, "mimi si wa dini yenu, na mambo yenu ya kanisa siyajui. Lakini nilimwachia aondoke kwangu kwa neno lenu nyinyi wazee. Mngeniletea habari kwamba mnaogopa, mimi ningekaa naye. Chumba kilikuwapo."

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi kuhusu kanisa, ghala na kisima, lakini hili sikulitegemea. Kumbe woga wetu wenyewe, ungesemwa tu ulivyo, ungemwacha yule mama na masikio yake mawili.

Baada ya hapo nidhamu ilifanyika. Mchungaji alimvua Mutua ushemasi mbele ya watu wote, na sauti yake haikutetemeka. Mutua akafunga ghala, akafunga kisima. Yote tuliyoyaogopa yalitupata katika wiki moja. Tukasali chini ya turubai uani kwa mshirika mmoja, maji tukateka mtoni, tukayachemsha. Yananyweka. Mpaka leo tunayanywa.

Lakini kabla ya kumvua Mutua, Mchungaji alijihukumu yeye kwanza. Aliwaambia washirika kwamba alimrudisha Mama Kioko kwa haraka kwa sababu alisikia vibaya, na akaomba radhi. Watu wakaguna. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Hakusikia vibaya yule mtu wa Mungu. Mimi nilisema ili asikie vibaya. Baadaye aliomba kuhamishwa, akaondoka na baiskeli yake na lawama yangu. Wiki chache baadaye nikachaguliwa mwenyekiti wa wazee, kwa sababu ya hekima.

Mama Kioko anaishi Mwabungo hadi leo, kwa Bi Mwanasha, na anauza mboga. Jumapili huja kusali. Hukaa upande wa kushoto wa turubai ili sikio zima limwelekee mhubiri.

Jumapili iliyopita nilijikaza. Baada ya ibada nilimfuata nikasema, "Mama Kioko, ni mimi niliyemdanganya Mchungaji. Nisamehe." Nilisema chini chini, kwa sababu watu walikuwa karibu. Tena nilikuwa nimesimama kushoto kwake.

Akageuka, akanitegea sikio la kulia. "Umesema nini, mzee?"

Nikamtazama. Alikuwa akitabasamu.

"Nimekusalimia tu," nikasema.

"Asante, mzee. Siku moja upitie Mwabungo, unywe chai."

Basi wewe mzee wa kanisa unayesoma haya, popote ulipo, ninakuonya. Ukitumwa kumrudi mtu, mwambie ungali mlangoni, kabla hujavutiwa kiti. Ukishindwa, usione haya, rudi useme umeshindwa. Sema kwa sauti, na kwa upande wa sikio linalosikia, maana kuna mtu mahali fulani amekunja leso zake anangoja neno lako.

Mimi nimealikwa chai Mwabungo. Bado sijaenda.