Mtani Aliponikataza Kwenda Karema

Miaka ile ya tisini nilikuwa na mtani wangu, fundi magari pale Mpanda mjini. Yeye Mfipa, mimi Mnyamwezi, na mtu asiyetujua akitusikia angedhani tunataka kuuana. Tulikuwa rika moja. Nikifika gereji namuuliza ungo wake wa kurukia usiku ameuegesha wapi. Naye ananijibu kwamba mjukuu wa wapagazi gari la nini, si ana mabega? Ndiyo mila yenyewe, mtani hakasirikiwi.

Ijumaa moja nilimpelekea pikapu yangu. Kesho yake nilitakiwa kumpeleka mama mkwe Karema, kule ziwani, kwenye harusi ya mjukuu wake. Mama alishawatangazia kinamama wenzake wa kwaya, mtaa mzima wa Kawajense, kwamba safari hii hadandii lori la samaki, anapelekwa na mkwewe kwa gari. Na mimi kwa kupenda sifa nilikuwa nimeitikia mbele ya watu, kifua mbele.

Fundi aliingia chini ya gari, akakaa huko hadi nikachoka kusubiri. Alipotoka akanionyesha tairi la nyuma. Lilikuwa limelowa kwa ndani, mafuta ya breki yanavuja.

"Mkweo mbebe tu mgongoni," akasema. "Babu zako si walibeba pembe za ndovu mpaka pwani?"

Watu waliokuwa wakisubiri magari yao wakaangua kicheko. Kisha akafuta mikono, akanisogelea, akashusha sauti. "Ndugu yangu, sasa sitanii. Usiende nalo. Ule mteremko wa kushukia ziwani, hili halisimami. Ngoja spea ije na treni ya Tabora wiki ijayo."

Nilimwelewa. Naandika hivyo kwa sababu kwa miaka mingi nimejidai sikumwelewa. Hakuwa amewahi kuniita ndugu yangu, hata siku moja. Lakini watu walikuwa wananitazama, na nilishaanza kuuona uso wa mama mkwe nikimwambia safari hakuna. Nikapaza sauti, "Mwoneni Mfipa huyu! Hakualikwa harusini, sasa anataka na sisi tukose pilau!"

Wakacheka tena. Yeye hakucheka. Akaongeza mafuta ya breki, akanipa ufunguo, akageukia gari la mtu mwingine.

Jumamosi mke wangu alikaa mbele na mimi. Mama mkwe akakaa nyuma kwenye bodi, juu ya godoro, maana kwetu mama mkwe habanani kiti na mkwewe. Alivaa kitenge kipya, akajitanda khanga kwa ajili ya vumbi, na alikuwa anaimba. Njiani nilikanyaga breki mara kadhaa, zikashika. Nikamwambia mke wangu, "Unaona? Fundi muongo yule."

Kwenye mteremko, ziwa limeshaonekana kule chini, pedeli ikazama mpaka sakafuni. Nikapampu, wapi! Nikaingiza gia ndogo, injini ikalia, gari linazidi kukimbia tu. Nikalibamiza kwenye ukingo wa mlima.

Mimi sikupata hata mchubuko. Mke wangu alipasuka kwenye paji la uso. Mama mkwe tulimkuta ameangukia barabarani, nyonga imevunjika, na kitu cha kwanza alichofanya aliponiona ni kuvuta kitenge afunike mapaja, mkwe asione. Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Lori la samaki ndilo lililoturudisha Mpanda.

Kesho yake hospitalini shemeji zangu walinizunguka kando ya kitanda cha mama yao. Mkubwa wao akauliza, "Kwani fundi hakukuambia gari ni bovu?"

Nikamjibu, "Si mnamjua, mtani wangu yule. Alisema, lakini alikuwa anatania tu. Ningejuaje?"

Nilipoinua macho, fundi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika chupa ya uji. Alisikia yote. Nikangoja anikane, anitukane, aseme ukweli mbele yao. Yeye akaweka uji kando ya kitanda, akampa mama pole, akaondoka. Mama akasema ni mipango ya Mungu, na mimi nikatikisa kichwa kukubali, mnafiki mkubwa. Mama hakutembea tena bila magongo.

Baada ya miezi miwili nikapiga moyo konde, nikaenda gereji. Watu walikuwepo kama kawaida. Nikaanzia mbali, kwa sauti ya zamani, "Wewe Mfipa, ungo wako nao umekufa breki?"

Waliokuwepo wakamtazama, wakisubiri jibu lake. Fundi akasimama, akafuta mikono taratibu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Gari lina tatizo gani?"

Nikaitikia marahaba.